Silanga Niliyoikagua Bila Kuiona

Garissa, Ijumaa, mwisho wa Februari 1997

Joto la leo limewanyamazisha hata mbuzi. Watu wametoka msikitini wakaingia moja kwa moja majumbani, na mtaa wetu wote wa Waberi umefunga madirisha kungoja jua lipoe. Mimi nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Tangu Jumatano nimekuwa nikikikwepa kitabu hiki cha kumbukumbu zangu kama mtu anayemkwepa jirani aliyemkosea.

Nina aibu. Bora nianze na hilo.

Kazi yangu ofisini si ngumu kuieleza. Serikali ikitoa fedha za kukabili ukame, kama za kuchimba silanga ya kukinga maji ya mvua, mimi ndiye ninayetumwa kwenda kuona kama fedha hizo zimegeuka silanga kweli. Nikitia sahihi, mkandarasi anamaliziwa malipo yake. Nisipotia, hamaliziwi. Katika semina wanatuambia hali ya hewa inabadilika, na kwamba ukame uliokuwa ukija kama mgeni sasa utakuja kama mwenye nyumba. Mimi huitikia kwa kichwa na kuandika kila neno. Nina daftari zima la maneno hayo.

Oktoba nilipangiwa kwenda kukagua silanga ya kijiji kimoja njia ya Ijara. Wiki hiyo hiyo binti ya dada yangu alikuwa anaolewa, na hina na mapishi yote yalikuwa kwangu. Msimamizi wa mkandarasi, mtu mcheshi anayejua majina ya watoto wa kila mtu ofisini, akaniletea picha mbili. Maji yamejaa mpaka ukingoni, ng'ombe wanakunywa.

"Kwa nini ujichoshe, Bi. Zainabu?" akasema. "Njia ni mbaya, na wewe una harusi."

Nikatia sahihi. Katika fomu kuna mahali pa kuandika tarehe ambayo mkaguzi amefika. Nikaandika tarehe.

Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, ardhi yote imekauka, na silanga imejaa pomoni. Hata hilo sikujiuliza.

Siku mbili baadaye wakaletwa mbuzi wawili nyumbani, zawadi ya bibi harusi. Dada yangu akafurahi sana, akamwombea dua mtu asiyemjua. Mimi nilimjua. Nilikula pamoja na wageni, na nyama ilikuwa laini.

Desemba ikaja barua ya chifu wa kule. Alisema mashine ilichimba siku chache, ikaondoka, na shimo lililobaki halimfiki mtu magotini. Mvua za vuli hazikunyesha. Aliomba kijiji kitiwe kwenye orodha ya lori la maji. Barua ile ilipita mezani kwangu. Ningeweza kusema siku ile. Badala yake niliandika jibu kwa mkono wangu, likapigwa chapa, mkubwa wangu akalitia sahihi: kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, silanga yenu imekamilika. Na mahali penye silanga iliyokamilika, lori la maji haliendi.

Nilijiambia machifu hupenda kulalamika.

Jumatano akaja mkaguzi kutoka Nairobi, Bwana Mutua, mtu mpole, hasemi sana. Anafuatilia fedha za ukame za mwaka jana, mradi mmoja mmoja. Kati ya faili zote alizopewa akachagua ile, akaniomba nimsindikize. Dereva alikuwa Dekow, ambaye pia hututafsiria. Njia nzima niliomba gari liharibike. Lilikwenda vizuri kuliko siku zote.

Tulianza kuona mizoga kabla ya kuona kijiji. Dekow alipunguza mwendo kuizunguka.

Shimo ni kama chifu alivyoandika. Bwana Mutua alishuka ndani akasimama katikati, na kutoka nilipokuwa nimesimama niliona viatu vyake vyote viwili. Chini palikuwa na vumbi na kinyesi kikavu cha punda. Akafungua faili, akaitazama fomu, akaitazama ardhi. Sahihi yangu ni mkwaruzo tu, haisomeki.

"Aliyekagua hapa ni nani?" akaniuliza.

"Itabidi niangalie ofisini," nikasema.

Maneno hayo yalinitoka mdomoni laini kabisa, kama salamu.

Mama mmoja aitwaye Dahabo alitukaribisha kwenye kibanda chake cha vijiti na mikeka. Anajua Kiswahili kidogo, alikipata sokoni Garissa akiuza maziwa. Alikuwa na maji nusu ya dumu, na kisima cha karibu kiko mbali kiasi kwamba binti zake huondoka leo wakarudi kesho. Akachemsha chai kwa maji hayo. Nilisema sina kiu. Akasema, "Mgeni hawezi toka kwangu mdomo kavu, abaayo." Abaayo ni dada. Nikanywa.

Akamweleza Bwana Mutua yaliyowapata, na pale Kiswahili kilipomwishia Dekow alimsaidia.

"Majirani walibeleka ng'ombe mtoni mabema," alisema. "Sisi chifu alisema ngojeni, lori ya maji itakuja, yeye ameandika barua. Tulingoja. Mwezi moja, mwezi mbili. Bwana yangu akaondoka na ng'ombe nimechoka, hawawezi tembea."

Alisema "nimechoka" akimaanisha wamechoka, na hakuna aliyemsahihisha. Katika ng'ombe arubaini, wanne walifika Mto Tana. Mumewe yuko huko nao mpaka leo, hataki kurudi. Anaona haya kuwatazama watoto.

Yeye ndiye anayeona haya.

Tulipokuwa tunaondoka Dahabo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe umekuja kuona na macho," akaniambia. "Mungu akulibe. Yule mwingine hakukuja."

Nikasema amina. Sina la kujitetea kwa hilo. Niliitikia dua ile nikijua si yangu, nikapanda gari, nikafunga mlango.

Safari ya kurudi Bwana Mutua alikuwa akiandika, gari linaruka naye anaandika. Dekow alinitazama mara mbili kwenye kioo. Yeye ndiye angenipeleka kule Oktoba. Anajua hakunipeleka. Kisha akarudisha macho barabarani.

Jana asubuhi nilikwenda nyumba ya wageni alikofikia Bwana Mutua. Nilimkuta anakunywa uji. Sikukaa. Nilimwambia, "Sahihi ile ni yangu. Sikufika kule. Na barua ya chifu niliijibu mimi." Nikamweleza hata habari ya mbuzi.

Aliweka kijiko chini. Nilitegemea hasira, au huruma, lakini alinipa karatasi tu. "Yaandike hayo yote, kisha tia sahihi," akasema. Halafu, nilipokuwa nimeanza kuandika, akaongeza taratibu, "Safari hii andika jina lako kamili, lisomeke."

Nikaliandika.

Leo asubuhi mkubwa wangu aliniita, akafunga mlango. Alisema nimejiponza na nimewaponza wenzangu, kwamba hakuna ofisi isiyokuwa na fomu ya namna ile, na akauliza kwa nini sikunyamaza mpaka mgeni aondoke. Nimesimamishwa kazi kuanzia Jumatatu mpaka shauri litakapoamuliwa. Mkandarasi, nasikia, ameshapata kazi nyingine upande wa Liboi. Sikushangaa.

Kitu kimoja nilikiomba kabla ya kutoka mle chumbani. Niliomba kijiji kile kiingizwe kwenye orodha ya lori la maji leo leo, si wiki ijayo. Bwana Mutua alikuwa ameshaingia wakati huo, kwa hiyo kiliingizwa. Lori linaondoka kesho alfajiri. Maji hayo hayatamfufua ng'ombe hata mmoja.

Dada yangu ameambiwa, kwa kuwa Garissa haina siri. Alikuja mchana, akauliza kama mbuzi wale ndio wale. Nikasema ndio. Akafunika uso kwa mtandio wake. Bibi harusi ana mimba ya miezi mitatu, na dada aliniomba nisimwambie kamwe alilishwa nini siku yake.

Dekow ndiye atakayeendesha lori. Nimemwomba nafasi ya kukaa mbele, amekubali. Alisema nikitaka atamweleza Dahabo yeye, kwa Kisomali, ayaweke maneno vizuri, kwamba palikuwa na makosa ya ofisi.

Nilishawishika. Nakiri, kwa dakika nzima nilishawishika.

Kisha nikamkatalia. Kiswahili cha Dahabo kinatosha kuelewa, na maneno yenyewe ni machache: yule mwingine ni mimi. Nimeyasema hapa peke yangu mara nyingi tangu adhuhuri, na bado kila nikifika kwenye "mimi" sauti inaniishia.