Nyumba Hii Hauzwi

Kitengela, Jumanne

Dalali! Kaka yangu Kamau ameleta dalali bila kuniuliza, eti tuuze nyumba ya mawe ibomolewe, zijengwe fleti.

Nikampa huyo dalali historia ya nyumba. Mzungu mfuga ng'ombe ndiye aliijenga, mzee Mmasai akaichukua na kulaza ndama kwenye veranda, halafu Guka, babu yetu, akainunua kwake. Dalali akapiga miayo.

"Wambui, hizo ni hadithi," Kamau akasema. "Kuta ziko na nyufa."

Nikachukua panga, nikakwangua chokaa karibu na mlango ili aone mawe bado ni mazima. Chini yake kukatokea mwandiko wa Guka, herufi kubwa nyekundu: NYUMBA HII HAUZWI.

Dalali akacheka. "Ni haiuzwi, bwana. Hauzwi ni ya mtu!"

Kamau hakucheka. Alisimama pale hadi dalali akaenda zake.

Naogopa mvua ya Aprili, hilo paa sijui. Lakini kesho nanunua rangi nyekundu.

"Tutaandika haiuzwi?" Kamau aliniuliza jioni.

Hapana. Tutaandika vile Guka aliandika.