Mafuta Namba Arobaini

Kisangani, mtaa wa Tshopo

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa uliyenilea,

Nianze na goti lako. Linakunjika sasa, au bado unapanda ngazi ya nyumba kwa kuitukana? Na hapo Kasongo mnalala salama, mnakula? Mimi ni mzima, nimekonda tu, na usiniambie nimekonda tangu utotoni. Ninakuandikia kwa herufi za madrasa kwa sababu wapiganaji wanaolinda njia wanasoma zile za misheni tu. Ukimaliza kuisoma barua hii, itie motoni.

Umeniuliza kwa nini sirudi. Tangu waasi wachukue mji, fundi hapandi treni bila ruhusa ya kamanda. Patron wetu, tajiri mwenye gereji, alikimbia na familia yake akatuachia gereji na mapipa mawili ya mafuta ya injini: namba ishirini, mepesi, na namba arobaini, mazito. Nilipoomba ruhusa, kamanda alisema nitaipata lori lake likifika Bafwasende na kurudi. Likifia njiani, akasema, nisijisumbue kutafuta treni. Watu walicheka. Na mimi nikacheka, kwa woga.

Lori lenyewe ni kuukuu. Nilifungua injini nikakuta vyuma vimelika, nikachagua arobaini. Wewe umepika maisha yako yote, utanielewa. Mawese yakiwa ya baridi hutembea polepole, yakichemka yanakimbia kama maji, na mafuta ya injini ni vivyo hivyo. Injini mpya, iliyobana, inapenda mepesi yafike upesi kila mahali. Iliyolika, ikivuta mzigo kutwa nzima kwenye matope na joto hili, mepesi yanachuruzika yote, chuma kinasaga chuma, nayo inakufa. Nilitaka lori lile liishi kwa sababu nami nataka kuishi.

Kamanda alipoona mafuta yanavyomiminika taratibu, alipandwa na hasira.

“Hii mafuta iko muzito sana! Unataka gari itembee pole-pole, adui atushike? Weka ile ya mwepesi!”

“Mon commandant, gari iko muzee. Ukiweka ile, itakimbia kidogo, alors itakufa.”

“Nani amekutuma?”

Siku hizi mtu akiulizwa swali hilo, mara nyingi haonekani tena. Nilirudia maneno yaleyale. Akachungulia injini, kisha akasema, “Bon. Weka yako. Lakini munganga atatia na dawa.”

Unajua wapiganaji hawa wanavyonyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate. Mimi sibishani na imani ya mtu, hasa mtu mwenye bunduki. Lakini mganga wao alimimina chupa nzima ndani ya injini, palepale panapotiwa mafuta. Maji na mafuta yakizungushwa pamoja yanakuwa meupe kama maziwa, na maziwa hayalindi chuma. Nikasema mafuta yanataka kupumzika kwanza, wao waende kula. Bahati nzuri pondu, kisamvu chao, ilikuwa imeiva, wakaenda.

Maji huzama chini ya mafuta, umeyaona mwenyewe sufuriani. Niliingia chini ya lori nikalegeza kidogo bolti ya kumwagia mafuta. Maji yakaanza kutoka, yakafanya kidimbwi karibu na sikio langu. Nilipogeuza kichwa nikaona viatu. Mlinzi mmoja, mtu mzima wa kabila la Wagenia aliyekuwa mvuvi kabla ya vita, alikuwa amechuchumaa ananitazama, bunduki magotini. Akayatazama maji. Kumwaga dawa yao chini ni kifo, hakuna kesi. Nikaanza kutamka shahada.

“Papa mécanicien,” akanong’ona, “imetoka yote?”

“Bado kidogo.”

“Basi ngoja itoke yote. Miye niko napanda hii camion.”

Akasimama, akanipa mgongo, akapiga mluzi mpaka nilipokaza bolti.

Likaondoka. Tangu hapo kila gari lililonguruma barabarani nilitoka kulitazama. Leo mchana lilirudi, injini inalia vizuri kabisa, ila mvuvi wangu aliachwa Bafwasende kulinda daraja. Kamanda alinikumbatia mbele ya watu. Furaha ilinipanda, nikamkumbusha ile ruhusa.

“Ruhusa ya wapi?” akacheka. “Umeona nguvu ya dawa? Kesho tunatia camions zote! Wewe hauendi fasi yoyote. Na miye mwenyewe nitakuwa hapa, nione kazi yote.”

Nimsalimie nani? Tonton, mjomba wetu mshonaji, mwambie suruali aliyonishonea sasa inanivuka. Shemeji mwenye duka la chumvi, mpe mkono wangu. Mwalimu wa madrasa mwombe dua, bila kumweleza sababu. Mama mwambie kazi imenizidi, na hapo hutakuwa umemdanganya.

Naogopa, yaya. Malori yameshapangwa uani. Nitamwambia tena kwamba mafuta yapumzike, yeye aende kula. Nawe uniombee kesho aamke na njaa.

Mimi mdogo wako,
Idi