Bisibisi Sikioni

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila situlii, kiti kinaniwasha. Hata barua hii naiandika nimesimama, karatasi juu ya boneti.

Hapa gereji wananiita Sikio. Fundi amenifundisha kugusisha bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, nisikie kinachogonga ndani. "Mwenye gari atakuambia ni kelele kidogo tu," anasema. "Usimsikilize yeye, lisikilize gari." Jana nilitambua beringi mbovu kabla yake, akanuna mpaka tunafunga.

Shida ni kwamba sasa nasikiliza kila kitu. Feni. Bawaba za mlango. Na wewe, Mama. Kwenye simu unasema ni mafua tu, halafu unakata haraka. Juzi ulichelewa kukata. Nilikisikia kikohozi chako, na ule mluzi unaokifuata. Kaka hapo nyumbani nikimuuliza anageuza maneno. Tangu hapo sifungi nati ikakaza, mikono iko hapa, masikio yangu yako huko kwako.

Usinijibu kwa barua, karatasi haikohoi. Piga simu, na usiseme "sijambo". Nyamaza tu, nikusikilize unavyopumua.

Binti yako,
Sikio