Siku Niliyokosea Neno Maoni

Baba,

Nimeshindwa kuanza na lile la "u hali gani", maana hali yako naijua. Mimi ndiye niliyekuvisha soksi kabla jeneza halijafungwa. Nimeshindwa pia kukuandikia kwa Kijaluo. Siku hizi Mama anasoma kila karatasi anayoikuta humu ndani, hata gazeti lililofungiwa sukari, akitafuta kama umemwachia neno. Kiswahili chake ni kile cha kununulia chumvi. Kwa hiyo haya yatabaki kati yangu na wewe, kama enzi zile tulipokuwa tukiwasengenya wageni mbele ya wenyeji, na wenyeji mbele ya wageni.

Naandika huku nikiinuka. Omena za Mama, dagaa zake hizi za ziwani, zimeanikwa uani na kuku wameshazijua. Lakini nisiwasingizie kuku. Tangu siku ya baraza siwezi kukaa mahali pamoja. Nikifagia naacha katikati, nikila naacha katikati. Jana nilitembea mpaka kule tunakovukia kwenda Mbita, nikasimama, nikasahau nilichofuata, nikarudi.

Ulipokufa, baraza lilibaki bila mkalimani. Naibu wa chifu alikuja hapa hata matanga hayajaisha vizuri. Alisema D.O., afisa mpya wa serikali, hajui neno la Kijaluo, wazee hawajui Kiswahili, na vijana wanaokijua wanachanganya na Sheng mpaka askari wanacheka. Akasema mimi nauza mitumba Migori, nashinda na Wakuria kutoka Kehancha, na pale hatuelewani ila kwa Kiswahili, basi nisaidie baraza moja tu. Nilikubali kwa ajili yako. Na kwa kiburi pia, sitakuficha. Nilitaka watu wanong'onezane, huyo ni binti wa nani, anaongea kama amezaliwa Musoma. Wewe ndiye uliyekileta Kiswahili hicho kutoka Musoma, ukanikalisha jikoni niseme "shida" mpaka nikaacha kusema "sida".

Nilivaa koti lako kubwa. Mama ndiye aliyenipa.

Unajua nilichokuwa nakiogopa? Si Kiswahili, ni tumbo. Ulikuwa ukisema mkalimani lazima awe na tumbo, kwa sababu kuna maneno ya kutafsiri na kuna maneno ya kumeza. D.O. wa zamani alipowaita watu wavivu, wewe uliwaambia anawahimiza kazi. Mzee alipomtukania D.O. mama yake, ulimwambia D.O. kwamba mzee anaulizia hali ya mama yake. Watu walicheka, D.O. naye akacheka, na baraza likaisha kwa amani. Nilikuwa nadhani hakuna mtu mwerevu kama wewe duniani.

Na siku ya kumzika Onyango, mtoto wa ndugu yako, ulimeza tena. Naibu wa chifu alishika maikrofoni mbele ya jeneza, mbele ya mjane na watoto, akatangaza ugonjwa. Hakuzunguka. Alisema ayaki, ukimwi, na akasema vijana wajifunze kutokana na huyu aliyelala hapa. Marafiki wa Onyango wa kule kwenye mashamba ya tumbaku, Wakuria watupu, walikugeukia wajue kimesemwa nini. Ukawaambia, "Anasema marehemu aliugua, na sasa amepumzika." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Wale walirudi Kehancha na rafiki yao mzima mzima mioyoni mwao. Lakini sisi Wajaluo tulikuwa tumeshasikia, Baba. Kwetu sisi hukuwa na tumbo la kutosha, na hakuna ambaye angekuwa nalo.

Kila mtu alijua naibu aliyapata wapi. Chumba cha matibabu pale zahanati hakina mlango. Kuna leso imetundikwa, na upepo wa ziwa hauna adabu. Naibu hunywa chai yake pale kwenye benchi la nje kila asubuhi, eti anakagua. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hapa hata mpita njia aliijua. Watu walikuwa wakitania kwamba serikali ni siri kali. Siku hizi wanasema siri kali ni za kwao, za kwetu hutangazwa kwa maikrofoni.

Baada ya mazishi yale wanawake waliacha kwenda zahanati. Mwenye nauli anakwenda Homa Bay, asiye nayo anachemsha mizizi. Na Nyar Kabondo, mjane wa Onyango, hakuna aliyemwazima hata ungo. Haya uliyaacha yakiendelea. Yanayofuata ndiyo huyajui.

Baraza lilikuwa kwenye uwanja wa shule. D.O. alisimama, kijana mpole tu, akasema serikali imekuja kupata maoni ya wananchi kuhusu uongozi wa hapa. Chifu, naibu wake, diwani, zahanati, kila kitu. Watoe maoni bila woga. Karani wake akafungua kalamu. Kisha D.O. akaniangalia.

Neno lako nalijua. Miaka yote maoni uliyatafsiri "paro", mawazo. "Wachuru pachu," semeni mawazo yenu. Na miaka yote watu walijibu kwamba wawazavyo wao, uongozi ni mzuri, na wanashukuru. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilipoona nyuso zote zile, na Mama ameketi mbele na kitambaa chake cheupe, neno likanitoroka. Nikashika lililokuwa karibu. Maoni, kuona. Nikasema, "Wachuru gik museneno."

Semeni mliyoyaona.

Baba, watu walitazamana. Nilidhani nimetukana. Kumbe hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo. Siku zote wameulizwa wanawaza nini, na mtu mzima anajua cha kuwaza mbele ya askari. Lakini macho ni macho.

Mzee Okelo, yule fundi wa nyavu, ndiye aliyesimama kwanza. "An ne aneno," mimi niliona. Aliona mlango wa buluu ukiletwa wakati zahanati inajengwa, na aliusaidia kuubeba. Halafu siku moja akauona mlango ule ule kwenye banda la kuku la naibu wa chifu. Akaketi. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu.

D.O. akaniuliza mzee amesema nini kinachochekesha. Hapo najua ungefanya nini. Ungesema mzee anaomba zahanati ikumbukwe. Mimi nilitafsiri yote, mpaka rangi. Sijui nilitoa wapi ujasiri, labda ni hasira za mazishi yale. D.O. hakucheka. Naibu alitazama viatu vyake.

Basi ikawa kama bomba limepasuka. Niliona hiki, niliona kile. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Ndipo Nyar Kabondo akasimama.

Amekonda, Baba. Gauni ni lile la mazishi. Alisema aliona jina la mume wake likitoka zahanati kabla mume wake mwenyewe hajatoka. Alisema aliona watu wakimpisha njia kisimani wakati yeye mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa kitu. Nikadhani amemaliza, nikafungua mdomo. Akaendelea. Alisema na yeye anao. Anausema mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya wote, ili asitokee mtu wa kuusema siku atakapokuwa amelazwa kwenye sanduku hawezi kujibu.

Wengine waliinamisha vichwa, na Mama alijifunika uso.

"Mama amesema nini?" D.O. aliniuliza kwa upole kabisa. Kalamu ya karani ilikuwa tayari.

Nilikutafuta, Baba. Kweli niligeuka upande wangu wa kushoto ulikokuwa ukisimama. Niliwaza kwamba haya ameyasema kwa watu wake, kwa lugha ya kwao, wanaomjua na watakaomzika. Nikiyavusha kwenda Kiswahili yataingia kwenye faili, yatapanda gari, yatafika ofisi asiyowahi kukanyaga, na atakayeyasoma hatajua hata kwamba ana sauti nzuri kanisani. Lakini pia niliogopa kwamba namnyima. Amejikaza kiasi kile, mimi ni nani nimkate maneno?

Nilitafsiri ya mume wake, yote, na jina lililotoka kwanza. Nilitafsiri ya kisimani. La tatu nililimeza. Nikasema, "Anaomba mlango."

Naibu wa chifu akasimama. Anajua lugha zote mbili, na mimi katika woga wangu nilikuwa nimelisahau hilo. Akapiga saluti. "Bwana D.O., huyu mkalimani ameacha maneno. Kuna ingine huyu mama amesema, na ni ya maana sana kwa afya ya umma."

D.O. alinitazama mimi, akamtazama Nyar Kabondo, aliyebaki amesimama peke yake kama mti uliosahauliwa shambani.

Mzee Okelo ndiye aliyeanza. "Amemalisa!" alipaza sauti. Mwingine akafuata kutoka nyuma, "Amemalisa! Amesema yote!" Wakainuka wanawake. Watu wasiojua Kiswahili cha kuombea maji walikuwa wakipiga kelele kwa Kiswahili, bila herufi z hata moja, "Amemalisa! Amemalisa!" Wale wale waliokuwa wakimpisha njia kisimani. Na Mama, Baba. Mama alisimama, kitambaa kimeanguka begani, akimnyooshea naibu kidole, akipiga kelele kuliko wote. Nilimtafuta kwa macho yule mwanamke mpole uliyeniachia, sikumwona.

D.O. alingoja wanyamaze. Sijui alielewa kiasi gani. Alimwambia karani, "Andika anaomba mlango." Naibu akaketi.

Mlango umerudishwa, una mavi ya kuku mpaka kwenye bawaba. Komeo hauna, unazuiwa na jiwe kwa ndani. Nyar Kabondo alikuwa wa kwanza kuingia. Tangu hapo wameingia wengine wachache, wanaangalia kushoto na kulia kama wezi. Kisimani bado wengine wanampisha. Mama alimpelekea ungo. Nisikudanganye kwamba dunia imegeuka.

Lakini nimekukasirikia, Baba, ndiyo maana sikai. Ule mlango uliujua. Banda la naibu ulipita mbele yake kila Jumapili. Umemeza mangapi ambayo hayakuwa ya kumezwa, ili tu baraza liishe kwa amani? Nataka kukuuliza na hupo. Halafu nakumbuka wale Wakuria wakitikisa vichwa, na hasira zinaniisha, na nakulilia upya. Halafu zinarudi. Ndivyo ninavyoishi.

Leo asubuhi naibu aliniita ofisini. Nilijua ataniambia sitafsiri tena, na kweli aliniambia, watamleta mtu kutoka Homa Bay. Hilo halikuniuma. Nilikuwa nimeshainuka. Akaniambia niketi. Akashusha sauti, akawa mwema ghafla, na akaniuliza, "Na mzee wako, alikuwa anaumwa nini hasa? Si mimi, ni watu wanauliza."

Nilimwambia, "Alikufa, naibu. Ulikuwepo mazishini. Ulikula."

Nimetoka pale bila kuaga, nikaja kukuandikia. Swali lile ni kisu amenionyesha. Akikosa la kutangaza atatunga, na kinywa anacho.

Lakini la kweli hataliambulia. Daktari wa Homa Bay alinivuta pembeni, akaniambia mimi peke yangu, kwa kuwa ndivyo ulivyomwagiza. Mama hajui. Kaka zangu hawajui. Mama akinitazama kwa macho yale ya kuuliza nainuka kufukuza kuku. Nitarudi Migori wiki hii, kibandani kwangu, na huko nako nitaulizwa na kila mteja anayekujua.

Lala, Baba. Nitagombana nawe bado, na sitameza kama ulivyomeza, hilo usinitarajie. Lakini hili moja nakuahidi. Ulichougua ni chako. Sikukiandika hata hapa, kwenye lugha ambayo Mama hawezi kuisoma, na wewe ukiwa ndiye msomaji peke yako.

Binti yako,
Akinyi