Mashini ya Gérard

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimeiona! Fraiseuse, ile mashini ya kuchonga chuma ninayoitafuta tangu zamani. Ya wakati wa Wabelgiji, nzito kama kiboko, imekaa mutaa wa Kataki ndani ya hangari ya Gérard. Meza yake inateleza bila kukwama. Mota ameshabadilisha, inakubali umeme wa nyumbani. Kwangu niko na tour tu, mashini ya kuzungusha na kuchonga mashafti. Gurudumu la meno, pinyo, likivunjika lazima nitume Kigoma, na wenye maboti wananipigia kelele. Kwa hii ningekata meno mwenyewe, hapa hapa parseleni, nyumbani kwangu!

Gérard anahamia Kolwezi, njo maana anauza. Lakini mimi amenikataa. Eti ameshaahidi muntu wa Moba. Hata usoni hakunitazama.

Ni yeye, ndiyo. Gérard aliyetaka kumuoa muke wangu Maimouna kabla yangu. Baba mukwe alimukataa kwa sababu Gérard ni Mukristo. Kataki nzima inaijua hiyo habari. Mimi nilikuja nyuma.

Jumatano, 9 Julai

Nimemuambia muke wangu wakati wa kula: Gérard amekataa. Aliendelea kutoa miiba kwenye samaki ya mutoto wetu Aisha. Kisha:

– Unaitaka kweli, Papa Aisha?

– Naitaka.

– Basi acha nimuulize mimi.

Nilipaswa kusema hapana. Nikasema: haya.

Akatoka nje kupiga simu. Kwa nini nje? Watu wote anawapigia ndani. Nimesikia anacheka, mara moja, kifupi. Akarudi: kesho kutwa nikaichukue, muntu wa Moba atatafuta ingine.

Nina furaha. Sijui mbona bado nasikia kile kicheko.

Ijumaa, 11 Julai

Imefika! Vijana wengi, mabomba ya chuma chini yake, kusukuma na kuimba, avenue nzima imetoka kutazama. Haikupita mulangoni, tumebomoa kipande cha ukuta wa atelie, karakana yangu. Gérard mwenyewe alisimamia. Mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu.

Maimouna akatoka amevaa kitenge cha kijani, kile alichoniambia anakiweka kwa harusi ya dada yake. Gérard akamuangalia, akasema: "Mamu, umenona."

Mamu! Mimi namuita Mama Aisha tangu mutoto azaliwe, na kabla ya hapo nilimuita Maimouna. Sikujua kuna jina lingine.

Alimuletea maji kwa glasi. Mimi nikapewa kikombe cha plastiki.

Sasa niko na mashini. Na ukuta wazi.

Jumapili, 13 Julai

Gérard amekuja kunifundisha. Ni hodari, siwezi kukataa. Anarudia jambo bila kuchoka, hanicheki nikikosea. Kama angekuwa mujinga ingekuwa rahisi!

Amekula kwetu. Maimouna hakumuuliza chochote – akasogeza pilipili mbali na sahani yake, basi. Anakumbuka kwamba hali pilipili! Nikaimaliza yote mimi. Machozi yakanitoka, wakafikiri ni ukali.

Nikimusindikiza nikamuuliza anaondoka lini. Akatazama viatu vyake. Eti safari ya Kolwezi haiko tena, ameona abaki kwanza.

Abaki! Bila mashini, abaki afanye nini?

Jumatatu, 14 Julai

Nimemuuliza muke wangu. Vibaya, kwa sauti ya juu. Ulimuambia nini mpaka akakubali?

– Nilimuambia bwana yangu anaihitaji.

– Na yeye?

– Alisema: kama ni wewe unaomba, sawa.

Nikasimama nitoke. Yeye akaendelea. Alisema ilimuuma kumuomba yule muntu kitu, baada ya vile baba yake alivyomufukuza, na aliomba kwa ajili yangu. "Na leo unanipigia kelele!" Amechukua mutoto, ameenda kulala chumba cha pili.

Alhamisi, 17 Julai

Kazi ya kwanza ya kweli. Pinyo ya boti ya Papa Numbi, ile inayopeleka watu Zongwe. Jino la kwanza, la pili – yanatoka upande! Kichwa cha mashini kimeinama. Nimekaza, nimelegeza, nimepima, bado. Chuma kingine kimeharibika. Papa Numbi amekaa kitini nje, anakohoa ili nijue bado yupo.

Maimouna akaja kusimama karibu. Tangu Jumatatu tunaongea mambo ya chumvi na sabuni tu.

– Mupigie Gérard.

– Hapana.

– Papa Aisha, watu wako na safari.

– Sina namba yake. Nimeifuta.

Kweli nimeifuta, jana, kwa hasira. Nilisema hivyo kama kwa furaha.

Simu yake haina inite, pesa ya kupigia. Akachukua yangu juu ya meza, akapangusa mafuta kwa kitenge alichovaa, akaanza kubonyeza. Moja moja, bila kusimama, bila kutazama popote.

Kwa kichwa. Namba ile anaijua kwa kichwa!

Ilipoita hakuongea. Akaniwekea mukononi. "Ongea mwenyewe."

Nikaongea. Sauti ilikuwa kama si yangu. Anakuja.

Naandika nikimungoja. Namuona Maimouna pale kwenye bomba, anasugua yale mafuta kwenye kitenge. Cha kila siku, kilichochakaa, si kile cha kijani. Hajaenda kubadilisha. Amegeuka, ananitazama, kama anangoja nimuulize. Na nataka kumuuliza mbona namba ile bado iko kichwani mwake. Naogopa atajibu.

Pikipiki imezimwa hapo nje. Papa Numbi anamusalimia muntu –