Meli Iliyoondoka Ndani ya Fungate

Nyumbani kwa Mzee Badawi,
Mtaa wa Kibokoni,
Mombasa.
22 Shaabani 1329, na kwa Wazungu ni Agosti 1911

Mpendwa Ami Yeslam,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mkono kutoka mbali.

Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Mama ameniagiza nikuulize hilo kabla ya neno lolote, na pia kama unakula vizuri, maana haamini kwamba mtu anaweza kushiba kwa mkate na maharagwe. Sisi hapa sote wazima. Baba mzima, ila goti lake. Mama mzima. Mimi mwenyewe mzima wa mwili, alhamdulillahi, na nimenenepa kwa sababu nitakayokueleza.

Duka la samli lipo pale pale, na Baba bado anagombana na wateja wanaoonja kwa kidole.

Ami, ile barua yako ya kutujuza kwamba umeniombea nafasi chuoni huko Misri ikapatikana, ilisomwa hata karatasi ikalegea. Baba aliisoma dukani, akaisoma msikitini, akamsomea hata muuza maji ambaye alikuwa na haraka. Tangu babu aliposhuka hapa kutoka Shihiri, ukoo wetu umetoa wauza samli na wauza kahawa, basi. Aliyekaribia chuo kikubwa ni wewe, na wewe mwenyewe uliandika kwamba unaujua mlango wake kwa nje tu.

Ikaja kazi ya kunitayarisha, na hapo ndipo tulipoona kwamba hatujui tufanye nini. Maalim Sheikhan alinisomesha nahau ya Kiarabu kila siku baada ya alasiri, akanikamua mpaka akaridhika; hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa nyumbani, kwani kila mtu alikuwa na elimu yake ya Misri. Mama aliambiwa kuna baridi, akanishonea kanzu na kuijaza pamba ndani. Nikiivaa nasimama kama godoro. Jirani akaleta papa mkavu, akasema huko hakuna samaki. Bibi mmoja wa mtaa wa Mkanyageni akaja na kesi yake ya talaka, anataka hukumu yangu, nami sijapanda hata meli. Nilimwambia angoje nirudi. Akasema atangoja.

Halafu wazee wakakaa kitako. Hakuna kati yao aliyewahi kumpeleka mtoto kusoma mbali, lakini kila mmoja alimjua kijana aliyesafiri mseja asirudi tena. Uniwie radhi, Ami, jina lililotajwa zaidi lilikuwa lako. Wakakata shauri kwamba sitoki Mombasa mpaka nimeoa, ili niwe na cha kunirudisha. Wakaniposea Afaf, binti wa Mzee Badawi muuza mikeka. Sikuulizwa sana, wala sikubisha. Siku zile ningekubali kuoa hata mara mbili, mradi nifike chuoni.

Harusi ilipangwa mwanzo wa Shaabani. Kabla haijafika akafa bibi mmoja wa mtaa huu, Mungu amrehemu, na wajua ngoma hailii penye matanga, basi harusi ikasogezwa mbele. Baba alihesabu siku kwa mwezi wa angani. Meli inakwenda kwa mwezi wa Kizungu. Hakuna aliyeziweka hesabu mbili hizi pamoja akazitazama, hata mimi mwenye nahau yangu sikuzitazama.

Tulizindukana siku ya karamu yenyewe. Baba alimwalika Thoya, karani wa ofisi ya meli, Mgiriama mwenye adabu sana. Katikati ya pilau Thoya akamuuliza Baba, "Bwana harusi atapanda lini? Meli ya Suez yaingia Kilindini wiki hii, yalala usiku mmoja tu." Baba alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha siniani.

Ami, umekaa Misri miaka mingi na umeoa huko kwa desturi zao, labda umesahau fungate yetu. Bwana harusi hukaa kwa wakwe siku saba, hashindi na njaa wala hatoki nje, na siku ya saba ndipo bibi harusi hutolewa wanawake wamtazame. Baba alimwomba Mzee Badawi ipunguzwe iwe siku tatu. Mzee Badawi, mtu mpole, alikuwa tayari. Lakini mambo ya fungate si ya wanaume. Akaitwa Bi Dama, somo wa Afaf, aliyemfunda na anayekaa naye ndani. Bi Dama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mume akitoka kabla ya siku ya saba, mui mzima utasema kuna alilolikuta. Mtapita nyumba kwa nyumba mkawambie watu ni meli?"

Basi zikabaki siku saba. Walinifunga kamba ili nirudi, ikatoka fupi.

Nakuomba usimcheke Baba kwa alilolifanya. Manahodha wa majahazi humngoja abiria wao akiwa na harusi au msiba, naye hakuona kwa nini meli ya moshi isiwe na ubinadamu huo. Akapanda toroli, akasukumwa kwenye reli mpaka Kilindini, akachukua na sanduku langu ili waamini kwamba nitakuja kweli. Thoya alimweleza kwa heshima kwamba meli haimngoji hata liwali. Lakini sanduku lilikuwa limekwisha kupakiwa, na wapakizi waliokuwa tumboni mwa meli walisema haliwezi kutolewa tena. Kwa hiyo limesafiri. Ulipokee. Halua iliyomo muile, na kanzu ile ya pamba mpe yeyote mwenye baridi.

Najua barua hii itapanda meli ijayo, na wewe utakuwa umekwisha kupanda gari la moshi mpaka Suez, ukasimama ukiwatazama watu wanaoshuka. Nilimwomba Baba apeleke simu ya maandishi. Akasema mambo ya chumbani hayapelekwi kwa karani wa simu. Nisamehe kwa kusimama kwako juani.

Utaniuliza, Taha, huna miguu? Ninayo, na mlango haukufungwa kwa ufunguo. Usiku wa kwanza nilikusudia kabisa kutoka. Lakini Afaf hana kosa katika haya, na nimekwisha kuuona uso wake. Ningeondoka, angebaki na neno lile mpaka azeeke, akienda harusini likimtangulia. Na mimi huko ningesoma nini? Naona uchungu, Ami, nakuambia wewe tu. Nala njiwa na mikate ya sinia, nasifiwa kwa kunenepa, na usiku nalia kwa kuuma mto ili asisikie.

Ulituandikia kwamba nisipofika masomo yanapofunguliwa baada ya Idi, nafasi atapewa mwengine, na meli ijayo itafika huko masomo yamekwisha kuanza. Apewe, ni haki yake. Baba anasema mwakani inshallah, kwa sauti ile ile anayowaambia wateja kwamba samli nzuri iko njiani. Jana alituma neno kwamba nikitoka hapa nikae dukani kidogo, kwa sababu ya goti. Mtu mwenye mke hukaa kidogo hivyo hivyo, baadaye huja mtoto, na huyo huwezi kumweleza habari za nahau. Sina la kufanya. Nimelifikiri kila upande.

Meli imeondoka leo asubuhi. Tulikuwa tunakunywa chai. Ililia kule Kilindini kwa muda mrefu, mpaka kunguru wakaruka mapaani. Bi Dama alijitia kukung'uta mkeka ulio safi. Afaf hajui chochote, wote nyumba nzima wamemficha. Ajualo ni kwamba nitasafiri siku moja. Akaniuliza, "Meli hiyo yaenda wapi?"

Nikamwambia Bombay.

Akanitilia chai nyengine. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Yako ikija, nambie mapema, nipate kuzowea."

Nikamwambia nitamwambia.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na Maalim Sheikhan pia, ingawa tangu karamu hajaja kuniona. Nisalimie mkeo Bi Hind, na wale watoto walionitandikia kitanda. Waambie wasikiache bure, walale wao. Mola akupe afya ya kifua, akufungulie riziki, na akuandikie malipo ya jitihada yako juu yangu kana kwamba nimefika.

Wako akupendaye, mtoto wa nduguyo,

Taha