Kumuogesha Mama Mukwe

Kasongo, 4 Machi 2024

Mama Elsa wangu,

Nakusalimu sana, wewe na mutoto na huyu wa tumboni. Mimi niko muzima, ila mugongo unaniuma kwa kuinua wazee.

Uliniuliza kazi ya huku iko namna gani. Haya, sifichi. Asubuhi tukifungua nyumba ya wazee, harufu ya mukojo inatupokea mulangoni. Mimi naogesha wanaume, Véronique anaogesha wanawake. Kazi kubwa ni kugeuza watu: muzee aliyepooza ukimwacha ubavu mumoja, nyama yake inaoza angali hai. Wengine wananitukana, wengine wananiita majina ya watoto wao waliowatupa. Nimezoea, lakini chakula cha muchana hakinishuki.

Diraktere Jean-Marie, mukubwa wa nyumba hii, amekubali kumupokea mama yako. Tangu apooze hamuwezi kumubeba mukikimbilia porini, na watu wa bunduki wanakaribia Kabambare. Umulete.

Baba Elsa

Kabambare, 15 Machi

Baba Elsa,

Salamu nyingi. Mutoto anakohoa kidogo, mimi na tumbo tunasukumana. Mugongo umepoa?

Mama yuko njiani. Serge wa pikipiki amemufunga mugongoni na kitambaa cha kikwembe. Nimelia mpaka wamepotea.

Neno moja tu. Wewe ni mukwe wake. Hata kula mbele yako hajawahi. Amenishika mukono akasema, mume wako asione mwili wangu, bora nife. Nimemuapia. Na wewe uniapie. Véronique amuogeshe, wewe usimame inje.

Mama Elsa

Kasongo, 2 Aprili

Mama Elsa,

Habari za nyumbani? Mutoto ameacha kukohoa? Naapa kama ulivyotaka.

Mama alifika na matope mpaka masikioni. Véronique alimuogesha, akamulisha ugali na sombe ya majani ya muhogo. Mimi namusalimia nikiwa nyuma ya pazia, naye ananijibu kwa sauti ndogo, "Asante, mukwe." Anacheka na wenzake. Usihangaike.

Baba Elsa

Kasongo, 9 Mei

Mama Elsa,

Natumaini muko wazima. Huku haiko vizuri.

Véronique alikwenda Lusangi kwa matanga ya kaka yake, mvua ikabeba daraja, hajarudi. Mufanyakazi mwingine mwanamuke hatuna. Wanawake wa parokia niliwaomba, kila mumoja ana mupunga wa kuvuna. Kamaldine mupishi anasema dini yake inamukataza kugusa mwanamuke asiye wake. Diraktere anasema kazi ni yangu, nifanye.

Mama ana kidonda kiunoni. Nikisogeza pazia anang'ata kikwembe chake na kushika kitanda kwa ule mukono muzima. Nipe ruhusa, Naomie. Nitafunga macho, ukitaka.

Baba Elsa

Kabambare, 20 Mei

Baba Elsa,

Leo salamu ni chache.

Hapana. Nilimuapia mama yangu. Ukimuona uchi atanilaani, na huyu wa tumboni nitamuzaa namna gani? Kasongo nzima unakosa mwanamuke mumoja? Tafuta. Usiniandikie tena neno hilo.

Mama Elsa

Kabambare, 6 Juni

Baba wa watoto wangu,

Mbona umenyamaza? Uko muzima? Nimezaa, ni mwanaume, na wote wawili tuko salama.

Jana nilikuwa namuogesha, namugeuza huku na huku, nikamufikiria mama. Nimekosea, baba. Umuogeshe. Umwambie ni mimi niliyesema, hasira yake iwe juu yangu. Serge anaondoka sasa hivi. Ukisoma tu, teka maji.

Mama wa watoto wako

Kasongo, 13 Juni

Naomie,

Nafurahi kwa mutoto. Mungu amukuze. Sasa keti chini, umupe mutu mwingine amushike.

Mama alifariki Jumapili. Barua yako imenifikia jana, Jumatano; Serge alizunguka mbali sababu ya daraja.

Kila asubuhi nilikuwa napasha maji, naweka beseni, nasimama nyuma ya pazia kumubembeleza. Nilikuwa nasikia nzi. Alikuwa ananijibu, "Hapana, mukwe," mpaka siku sauti ilipokwisha, na hata siku hiyo sikuingia, maana nilikuwa nimeapa. Mikono yangu inajua kazi hii, Naomie. Ningeweza kumuponyesha.

Wanawake wa parokia walikuja kuogesha maiti. Walikuja saba, kwa muzima sikupata hata mumoja. Walipomugeuza, mumoja akatoka kutapika. Wakauliza ni nani alikuwa anamutunza huyu mama.

Nikasema ni mimi.

Baba Elsa